Mwaka wa Kitenzi Kimoja

Jumanne iliyopita tulimzika Mama Yustina kule Kanazi, nyuma ya nyumba, ubavuni mwa mumewe, katika shamba la migomba ambalo siku hizi limeshikwa na mnyauko na kubaki vigogo vitupu. Nilifika kutoka kwetu Runazi, wilaya ya Biharamulo, nikiwa na vumbi la barabara mpaka kwenye kope, na wenye msiba wakaniweka mbele, kwenye viti vya plastiki, pamoja na watu wa heshima. Katekista aliniomba niseme maneno mawili matatu kama mwanafunzi wa zamani wa mumewe, marehemu Mwalimu Bonifasi. Nikasimama, nikasema kwamba nimefundisha Kiingereza katika shule za msingi karibu miaka ishirini na mitano, na kwamba kila nilichofundisha kilianzia kwenye sebule ile iliyokuwa mbele yetu. Watu wakaitikia kwa vichwa, nami nikaketi. Nilichosema kilikuwa kweli, na hicho ndicho kilichonitia aibu, kwa maana maisha yangu yote nimekuwa hodari wa kuitumia kweli ndogo kuifunikia kubwa. Kwa hiyo nimerudi nyumbani, nimefunga mlango, na nimeamua kuuandika mwaka ule niliokaa kwao kama ulivyokuwa.

Mambo ya kwetu nayaacha. Jinsi baba alivyoswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Biharamulo ni hadithi ambayo kaka zangu huisimulia kila wakipata pombe, na wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza kilikuwa kimenikataa kabisa. Baba alisikia kwamba Kanazi, katika wilaya ya jirani ya Ngara, kuna mwalimu mstaafu anayelainisha vichwa vigumu, ambaye macho yake yamechoka na anatafuta kijana wa kumsomea. Wakapatana. Nitakaa kwake mwaka mzima, nitamsomea na kumwandikia, naye atanifundisha mpaka nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilifika mwezi wa kwanza na begi moja na debe la mchele, nikapiga goti mlangoni, nikasema, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba akiwa ameelekeza uso kidogo pembeni yangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ananisalimu kwa kufuata sauti.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, na jiko limejitenga nyuma. Sebuleni kulikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, kalenda ya parokia ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiondoa, na meza kubwa karibu na dirisha. Juu ya meza, imefungwa kwenye kipande cha shitingi ya bluu, lile turubai jepesi la plastiki, ilikaa kamusi. Wakati ule wakimbizi walikuwa wameshaondoka kambi ya Benaco, lakini vitu vya kambi vilikuwa vimetapakaa katika kila nyumba ya Ngara: shitingi, madebe ya mafuta, sufuria, mablanketi ya kijivu. Wengine walipata mabati. Mwalimu Bonifasi alipata kamusi. Aliikuta sokoni, mama mmoja yuko tayari kuichana kurasa za kufungia karanga, akaibadilisha kwa mikungu miwili ya ndizi, na mkewe akamnunia siku tatu. Ilikuwa kamusi kubwa ya Kiingereza, ya aina ile inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi na lilipitia njia gani, ila ilitengenezwa kwa majuzuu mawili na yeye alikuwa na la pili tu. Ilianza na herufi M, ikaishia Z. Kwa hiyo katika nyumba ile hatukuwa na come wala go, hatukuwa na have, get, give wala keep. "Ndiyo maana nimechagua take," aliniambia siku ya kwanza, mkono wake ukiipapasa ile shitingi. "Mtu hulima shamba alilo nalo." Kisha akacheka peke yake. "Waingereza wangu wanajua kuchukua tu, binti. Kutoa kumebaki juzuu la kwanza."

Aliamini jambo moja ambalo mkaguzi yeyote wa elimu angelicheka: kwamba mtu akikijua kitenzi kimoja mpaka kwenye mifupa, lugha nzima itamfungulia mlango. Tangu siku aliyoipata kamusi alikuwa anaandika kitabu juu ya take, maana zake zote, matumizi yake yote, na asili yake, kwa ajili ya watoto wa shule wa Tanzania. Na kwa kuwa kitabu kilikuwa kinaandikwa, nyumba nzima iliishi ndani yake. Chakula hakikuliwa bila sentensi. Mama Yustina, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, aliketi na upawa wake juu ya sufuria ya ndizi na maharage akingoja mumewe aitikie kwa kichwa. Nikisema "I take tea", Mwalimu alinyamaza, maana hiyo nilishaisema Jumatatu. Nikisema "The nurse told him to take his medicine", aliuliza, "Na sisi dawa tunaifanyaje?" Tunaimeza, Mwalimu, au tunainywa. "Picha?" Tunapiga. "Basi?" Tunapanda. "Mtihani?" Tunafanya, na wengine wetu tunaanguka. Hapo aliitikia kwa kichwa, na upawa ukashuka. Mara nyingine ndizi zilipoa tukibishana. Mimi nilikuwa na shida ya ziada kwamba ndizi kwangu hazikuwa chakula. Nikimaliza sahani nilibaki nimetulia kama mtu anayengoja, na Mama Yustina akajua. "Msukuma huyu," alimwambia mumewe, "hata umpe ng'ombe mzima, bila ugali atasema amelala na njaa." Kuanzia hapo alinisongea ugali wa muhogo kidogo pembeni, kila siku, bila kuulizwa na bila kuusemea neno.

Nikikumbuka vizuri, zile ndizo saa ambazo niliwahi kupendwa kwa sababu ya akili yangu, na sijui kama zimerudi tena. Mwalimu alinisikiliza. Jioni moja nilimwambia kwamba tofauti ninayoiona ni hii: Mwingereza anachukua, Mswahili anakula. Mwingereza huchukua kiapo, sisi tunakula kiapo. Yeye akipata hasara anaichukua, sisi tunakula hasara. Rushwa anaichukua, sisi tunaila. Mwalimu aliacha kutafuna. "Andika hiyo," akasema. "Andika, na pembeni uweke kwamba imesemwa na Kabula." Halafu akaongeza kwamba kwa Kihangaza neno lenyewe ni gutwara, na kwamba humo humo ndimo alimotoka mtware, yaani mkubwa wa eneo enzi za zamani, kwa kuwa anayetawala ni yule anayechukua. Mama Yustina akasema kwa Kihangaza kwamba hilo halihitaji kitabu, kila mwanamke aliyeolewa analijua. Tulicheka sana. Sikupata kulala vizuri usiku ule kwa furaha ya jina langu kuwa pembeni ya karatasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi, mwanga ukishakuwa mkali, Mwalimu alisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, herufi moja baada ya nyingine, mpaka macho yalipoanza kutoka machozi. Alikuwa anaona bado: mlango, dirisha, mkewe akipita uani, herufi kubwa. Ugonjwa wake ni ule unaoitwa presha ya macho, ambao hula pembeni kwanza na kuja katikati taratibu, na kinacholiwa hakirudi. Baada ya chai nilishika zamu mimi. Nilisoma habari za kitenzi chetu kwa sauti, na yeye akanieleza kwa Kiswahili nikaandika. Take hakikuzaliwa Uingereza. Kililetwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari kwa mashua, wakapora, kisha wakakaa na kuoa. Kwao hapo mwanzo inadhaniwa kilikuwa na maana ya kugusa, kisha kushika, ndipo kikawa kuchukua. Waingereza walikuwa na kitenzi chao wenyewe cha zamani, niman, na hicho kikasukumwa, kikasukumwa, mpaka kikafa. "Hakikufa chote," Mwalimu alisema, akanituma herufi N. Kimebaki ndani ya numb, neno la ganzi. Mtu mwenye ganzi ni yule ambaye mkono au mguu wake umechukuliwa, na amebaki anautazama. Aliipenda sana habari hiyo. Aliniambia niisome mara tatu, kisha akakaa na kioo mapajani mpaka kuku wakaingia ndani.

Mwezi wa tano tulikuwa tumemaliza daftari la kwanza. Nililinakili kwa mwandiko wangu bora, tukalituma kwa wachapaji fulani wa vitabu Dar es Salaam, na jibu lingekuja kwa sanduku la posta la parokia. Tukangoja. Hapa lazima nieleze desturi ya barua pale kilimani Kanazi, bila hiyo mtu hatanielewa, ingawa hata akinielewa sidhani kama atanisamehe. Kwa miaka thelathini Mwalimu Bonifasi ndiye aliyekuwa msomaji wa barua za watu. Kijana akiandika kutoka jeshini au Mwanza, barua haikufunguliwa siku ilipofika. Iliwekwa, rubisi, pombe ya ndizi, ikaandaliwa, majirani wakaitwa, kisha Mwalimu akaisoma mbele ya wote, kwa sababu barua ilikuwa ya kilima kizima. Na kama ndani mlikuwa na msiba au aibu, Mwalimu hakuisoma ilivyo. Marehemu alikuwa mgonjwa. Aliyefungwa alikuwa safarini. Watu walikunywa, wakaenda kwao wametulia. Kesho yake, umande haujakauka, Mwalimu alikwenda peke yake nyumbani kwa mwenye barua, akaketi naye, akamwambia yote. "Mbele ya watu unamfunika mtu," alinifundisha. "Asubuhi unamfunua. Ukifunika tu ukaacha, umemzika mzima."

Barua yake yeye ilifika mwezi wa nane, bahasha nyembamba yenye muhuri. Ilikaa mezani siku nne, juu ya kamusi, wakati Mama Yustina anavundika ndizi na kukamua. Mwalimu aliishika kila alipopita. Siku ya tano walikuja watu wa kutosha kujaza sebule na kibaraza, mtungi ukawekwa katikati na mirija yake, na Mzee Lameki, jirani wa chini ya kilima aliyekuwa hakosi sherehe wala msiba, akaketi karibu kabisa na mtungi kama ilivyokuwa ada yake. Mwalimu alivaa koti. Alisema, "Leo barua ni yangu, na msomaji ni Kabula. Asome kwanza kwa Kiingereza, halafu awaelezeni."

Nilifungua. Ilikuwa mistari sita tu. Ilisema kwamba hakuna msomaji anayehitaji kitabu kizima juu ya kitenzi kimoja, kwamba mambo kama hayo yamo tayari katika kamusi zinazouzwa madukani, na kwamba mwandishi asijisumbue kutuma sehemu zilizobaki. Nilitazama juu. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sauti yangu, mikono juu ya magoti, na mdomo wake umeanza kutabasamu kabla hajasikia kitu. Nyuma yake Mama Yustina amesimama mlangoni na beseni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtu yule alikuwa ameandika jina langu pembeni ya karatasi yake. Nikaanza kusoma maneno ambayo hayakuwepo.

"We take great pleasure in your work," nilisema. Sikuwa na Kiingereza kingine cha kudanganyia isipokuwa kile alichonipa yeye, kwa hiyo nilikitumia hicho hicho. Nikasema wameipokea kazi moyoni, "we have taken it to heart", na kwamba wataishughulikia mara moja, "we shall take it up at once". Zilikuwa sentensi zake, tulizozila na ndizi. Mwalimu alipiga goti lake kwa kiganja. "Wametumia take mara tatu!" akawaambia majirani. "Mnasikia? Barua fupi, na wameshaanza kujifunza!" Watu wakapiga vigelegele kwa kitenzi ambacho hawakukijua. Mama mmoja alinikumbatia na kunilowesha shingo kwa machozi.

Ningeishia hapo huenda tungepona. Lakini Mzee Lameki aliuacha mrija wake, akauliza, "Haya, na hicho kitabu chenyewe, mwarimu, wanakitaka rini? Maana hawa watu wa mjini ukichererewa wanampa mwingine." Mwalimu akanigeukia. "Wamesema lini, Kabula? Soma hapo penye tarehe." Hapakuwa na tarehe. Macho ya watu wote yalikuwa kwangu, na uongo ukishaanza hauwi na mahali pazuri pa kusimama. Nikasema, "Kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa."

Kesho yake niliamka umande haujakauka, kama alivyonifundisha. Nilimkuta ameshaketi mezani, kioo mkononi, ameifungua kamusi mwenyewe na anahema kwa juhudi. "Umechelewa," akasema kwa furaha. "Tuna wiki saba tu." Barua alikuwa ameniachia niitunze, kama karatasi zake zote. Nikaketi, nikachukua kalamu. Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni nikajiambia Jumapili, baada ya misa. Nataka niseme bila kujipamba kwamba haikuwa huruma peke yake. Niliogopa kurudishwa Runazi. Niliogopa kwamba akijua, atalifuta lile jina langu pembeni. Na nilifurahia, Mungu anisamehe, kuishi katika nyumba yenye furaha ambayo nimeileta mimi.

Katikati ya mwezi wa tisa lilitolewa tangazo kanisani: madaktari wa macho watakuja hospitalini kwa wiki moja, ya mwisho wa mwezi, na wenye presha ya macho wafike siku ya kwanza bila kukosa, kwa kuwa hawajui watarudi lini. Mwalimu alikuwa amelisubiri tangazo kama hilo miaka miwili. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia wazi kwamba operesheni haitarudisha alichopoteza, lakini inaweza kumwachia kilichobaki. Mama Yustina alipotoka misani alikuwa mwepesi wa miguu. Alifua shati jeupe. Mwalimu, aliyekuwa amelisikia tangazo lile lile katika benchi lile lile, akasema hatakwenda. Wiki ile ndiyo wiki ya kufunga kitabu. Akilazwa, nani atamalizia sehemu ya asili? "Macho yatangoja," alisema. "Wachapaji hawangoji. Nikishatuma, madaktari wakija tena nitakuwa wa kwanza mlangoni." Mama Yustina alimsihi kwa Kihangaza, mwanzo kwa upole kisha kwa ukali, na mimi ambaye nilikuwa naokota maneno machache nilisikia moja likirudi na kurudi, amaso, amaso, macho.

Ilifika Jumatatu yenyewe. Nilikuwa jikoni nachochea moto. Mama Yustina aliingia, akafunga mlango wa jiko nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya moshi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi hanisikii. Wewe anakusikiliza. Ingia umwambie." Sikumwuliza nimwambie nini. Nilidhani anataka nimbembeleze aende hospitali, na nilijua kubembeleza hakutasaidia, ila neno moja tu lingesaidia, nami ndiye nilikuwa nalo. Nikanawa mikono. Nikaingia sebuleni, nikasimama mbele ya meza, nikasema, "Mwalimu, kuna jambo." Akainua uso. "Na mimi ninalo," akasema, "ngoja langu kwanza, lisije likanitoka." Akaniambia kwamba usiku amepata sentensi ya kufungia kitabu. Alitaka kuwaeleza watoto kwamba lugha huchukua maneno ya watu wengine bila haya, na haidhuriki, bali hunenepa, kwa hiyo nao wasione haya kukichukua Kiingereza. Wakichukue chote, kiwe chao kama migomba ya baba zao. Aliisema pole pole ili niiandike. Uso wake ulikuwa mzuri. Nikavuta kiti, nikaandika. Alipomaliza akauliza, "Haya, lako lilikuwa nini?" Nikasema, "Wino unakwisha, Mwalimu." Nje nilisikia hatua za mtu zikiondoka, nikafikiri ni jirani.

Tulimaliza Ijumaa. Jumamosi madaktari wakaondoka. Kifurushi nilikipeleka mwenyewe posta ya Ngara mjini, na sikuwa na ujasiri hata wa kukitupa njiani. Nilikituma kweli, kwa watu wale wale walioomba tusijisumbue, na hawakujibu neno. Mwezi wa kumi na moja nilifanya mtihani. Nilifaulu Kiingereza kwa alama nzuri kuliko zote za cheti changu, nikapata chuo cha ualimu, na baba akachinja ng'ombe. Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Mwalimu alikuwa haoni mlango tena. Madaktari walirudi baadaye, wakamulika, wakamwambia hakuna kilichobaki cha kuokoa. Haya niliyapata kwa barua zake, alizokuwa akiandikiwa na watoto wa shule, kila moja ikiishia kwa swali moja: huko uliko, umesikia lolote kuhusu kitabu chetu? Nilizijibu mbili za kwanza kwa habari za hali ya hewa. Zilizofuata sikuzijibu. Alipofariki, miaka kumi na mmoja baada ya mwaka ule, nilituma salamu kwamba nina homa. Sikuwa na homa.

Mwezi uliopita mtoto wa ndugu yake Mama Yustina alinipigia simu kwamba mama amelala hoi kitandani na anataja jina langu. Nilikwenda. Nilimkuta katika chumba kile cha nyuma nilichokuwa nalala mimi, amekuwa mdogo sana kitandani, mikono imebaki mishipa. Nilimsalimu, akaitikia, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Kisha, kwa kuwa nilijua hakutakuwa na siku nyingine, nikaanza: "Mama, ile barua ya wachapaji..."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukiichoma. Siku ya tatu, asubuhi, ulidhani niko kisimani. Mimi sikusoma, Kabula, lakini barua ya heri haichomwi."

Nilikuwa nimeichoma kweli, na sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mumewe.

"Ningemwambia nini? Kwamba mtoto anayempenda anamdanganya? Nilikuachia wewe. Ile Jumatatu nilipokutuma, nilikuwa nimeshafunga kikapu, shati lake liko ndani. Nilisimama nje ya mlango pale. Nikasema, sasa anamwambia, sasa tunakwenda. Nikasikia kalamu."

Alivuta shuka mpaka kifuani. Halafu akaendelea, bila hasira, kama mtu anayehesabu kazi za siku. "Ulipoondoka alianza kuniuliza mimi. Kitabu kimefika? Nikasema bado, wanachapa. Pasaka wanachapa, Krismasi wanachapa. Miaka kumi na mmoja namshika mkono kwenda chooni na kurudi, na ananiuliza. Wewe ulidanganya siku moja ukaenda zako. Mimi nimebaki nao uongo wako, naulisha."

Nilipiga magoti kando ya kitanda, mwanamke wa karibu miaka hamsini, nikalia kama sijawahi kulia. "Mama, nisamehe."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, macho ya mtu anayeona hata uzi chini.

"Mimi?" akasema. "Macho hayakuwa yangu."